Kaseti za wazee wetu: namna ya kuihamisha sauti kabla haijapotea



Mwaka huu nimeulizwa suali lile lile na watu watatu: mmoja yuko Maskati, mmoja Toronto, na wa tatu ni shemegi yangu aliye hapa hapa Uingereza. "Nina kaseti za marehemu mama, nizifanye nini?" Kila mmoja nimemjibu kwa simu, nusu nusu, huku chai inachemka jikoni. Leo nimekaa kitako niandike yote pahala pamoja. Mimi si fundi, kazi yangu ni kusomesha lugha. Haya nimeyajua kwa kuharibu kwanza na kuuliza baadae, na nilichokiharibu nitakisema, maana ndicho kilichonikalisha hapa.

Wale waliokuwa nje miaka ya 70 na 80 wanajua. Simu ilikuwa ghali na laini haishiki, barua inachukua wiki tatu, na wazee wetu wengi, khasa akina bibi, walisoma chuoni lakini kuandika barua ilikuwa lazima aitwe kijana amwandikie, na mambo ya ndani ya nyumba huyasemi mbele ya kijana wa jirani. Basi ikawa kaseti. Mtu anakaa na redio-kaseti yake, anabonyeza vidude viwili kwa pamoja, anazungumza mpaka upande umalizike, na msafiri wa mwanzo anakabidhiwa. Ikifika Dubai inasikilizwa na nyumba nzima, kisha inarudi na majibu, mara nyingi juu ya kaseti ile ile, ama kwa shida ama kwa ubahili tu. Ndio maana nyingi katika barua hizo zimefutwa na barua nyengine, au na taarabu ya redioni.

Mama yangu alipofariki mwaka 2017 tulikuta sanduku lina kaseti 38 na mikanda ya video 11. Miongoni mwao imo kaseti ya bibi, kaizungumza Wete mwaka 1983, dakika arubaini na kitu. Anasalimia, analalamikia bei ya sukari, kisha bila ya kuulizwa anaanza kutaja nasaba yake upande wa mama, kizazi juu ya kizazi, nani kaolewa wapi, nani kapanda jahazi kahamia Mombasa. Hakuna mtu aliye hai anayeyajua hayo. Na mimi nilifanya nini? Niliitia katika redio-kaseti ya zamani niliyoinunua sokoni kwa pauni nne. Ikacheza vizuri dakika ishirini, halafu sauti ikawa kama ya mtu anayezama, na nilipofungua kifuniko, utepe ulikuwa umeshazongwa kwenye kijiringi cha mpira. Nikauchomoa umekunjamana. Kwa ujinga wangu nikakata kile kipande kilichokunjika, nikaunga kwa selotepu, na kipande nikakitupa. Kilikuwa kama sentimita 19. Utepe wa kaseti unakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hivyo nilitupa sekunde nne. Sasa kaseti inasema "na mama yake huyo akiitwa" halafu inaruka mpaka "aliyezikwa Mkoani". Jina limekwenda na taka.

Utepe uliokunjamana hautupwi, jamani. Sauti bado imo. Unanyooshwa taratibu kwa kidole, ukicheza sauti inatetereka kidogo, lakini jina utalisikia. Na ukilazimika kuunga, usitumie selotepu ya kawaida, gundi yake inavuja baada ya muda na kushikanisha mizunguko ya jirani. Upo utepe maalum wa kuungia, bei yake haifiki hata ya sahani ya biriani.

Sasa tuanze na kaseti yenyewe. Philips waliitoa mwaka 1963, na hawakuikusudia kwa muziki, sembuse kwa kuhifadhi tarehe ya ukoo. Ilikuwa ya kusemea imla na mambo madogo madogo. Ndani mna utepe wa plastiki wa upana wa milimita 3.81, juu yake umepakwa unga wa sumaku ulioshikizwa kwa gundi. Sauti ni mpangilio wa sumaku katika unga huo. Plastiki yenyewe hufa pole pole. Inayotangulia kufa ni gundi, maana inafyonza unyevu, na kwetu pwani unyevu ndio hewa yenyewe. Halafu kuna kuvu. Halafu kuna lile pedi dogo la felti linalousukuma utepe kwenye hedi, likibanduka sauti inafifia na watu hudhani kaseti imekufa, kumbe ni gundi ya felti tu. Angalieni pia maandishi: kaseti ya dakika 120 ina utepe mwembamba mno, kama maikroni 9, basi hiyo itendeeni kama kioo. Za dakika 60 ndizo ngumu zaidi.

Lakini kinachotukimbiza zaidi ya kaseti ni mashine. Kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikitengeneza deki za VHS, Funai wa Japani, kiliacha Julai 2016. Deki zilizobaki ni kuukuu, mipira yake imelegea, na mafundi waliozijua wanastaafu. Mwaka 2015 hazina ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo kwamba kanda za sumaku ambazo zitakuwa hazijahamishwa ifikapo 2025 nyingi zitapotea, na mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hazina za sauti, IASA, wakapiga kelele hiyo hiyo. Na 2025 ndiyo hiyo imeshafika.

Kabla ya kubonyeza chochote, inuseni kaseti. Ikinuka kama chumba kilichofungwa masika nzima, chungulieni kwenye kidirisha: mkiona unga mweupe kwenye mizunguko ya utepe, hiyo ni kuvu. Itieni katika mfuko peke yake na msiicheze, kwa sababu vumbi lake litahamia kwenye deki na kutoka kwenye deki litaambukiza nyengine zote. Hiyo mpelekeeni mtu wa kazi hiyo. Zilizo salama, vunjeni vile vijimeno viwili vya mgongoni ili mtu asije akarikodi juu yake kwa bahati mbaya. Halafu izungusheni mbele yote na nyuma yote mara moja, utepe ulegee na kujipanga upya. Kalamu ya bic bado inafaa kuliko mashine mbovu. Kama gamba lina skrubu tano ndogo, bisibisi inatosha kulifungua na kuhamishia utepe katika gamba jipya. Kama limegandishwa bila skrubu, ni la kupasuliwa kwa uangalifu pembeni, na hapo mkono usitetemeke.

Deki. Tafuteni deki kamili ya zamani, ile ya kukaa juu ya meza pamoja na amplifaya, iliyobadilishwa mikanda yake ya mpira. Msihadaike na vile vidude vidogo vya plastiki vya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Vingi mwendo wake unayumba, na sauti ya bibi utaisikia kama yuko ndani ya debe. Hedi na vyuma vinavyoguswa na utepe vifuteni kwa spiriti safi na pamba ya kijiti, mpira ufuteni kwa maji yenye sabuni kidogo, maana spiriti inaukausha. Na kaseti ya mwanzo mtakayoitia iwe ile msiyoijali. Kila nyumba inayo. Sisi tulikuwa na kaseti ya kujifunza Kifaransa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui na lina faida kuliko yote. Redio-kaseti iliyorikodi Wete haikuwa na hedi iliyokaa pembe sawa sawa na ya deki yako. Tafauti ya upana wa unywele inaiua sauti nyembamba, zile "s" na "f" na "sh", na bila ya hizo hufahamu nusu ya maneno. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo. Kaseti ikiwa inacheza, igeuzeni kidogo kidogo, robo mzunguko haupiti, huku na huku, mpaka herufi hizo zing'are. Kila kaseti iliyotoka kwenye mashine tafauti inataka kurekibishwa upya. Mara ya kwanza kulifanya hilo, bibi ambaye nilikuwa nikimsikia kwa mbali nyuma ya pazia alihamia kwenye kiti mbele yangu. Mke wangu alitoka chumbani kuuliza nani kaja.

Swichi ya Dolby iacheni imezimwa. Redio za majumbani kwetu hazikuwa na kitu hicho, na ukiiwasha kwenye kaseti isiyorikodiwa nayo unakata sauti kwa mikono yako.

Waya unatoka kwenye tundu za nyuma za deki, zile za kutolea sauti, unaingia kwenye kisanduku kidogo cha kugeuzia sauti kuwa tarakimu, na kisanduku kinaingia kwenye kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa. Pimo ni mara 48,000 kwa sekunde, biti 24, na faili iwe WAV. Hazina kubwa zinapenda 96,000, na mwenye nafasi afanye hivyo, lakini kwa mazungumzo ya redio-kaseti 48,000 inakidhi. Saa moja ya sauti ya namna hiyo inachukua kama GB 1 na kidogo. Kaseti zangu 38, hata kila moja ikiwa ya dakika 90, hazipiti GB 60, yaani inaingia kwenye kijiti cha mfukoni. Kwa hivyo hakuna sababu hata moja ya kuhifadhi kwa MP3. MP3 ni ya kuwatumia jamaa kwenye simu. Kiwango cha sauti kisiguse juu kabisa, kilele kiache desibeli 6 hivi, maana sauti ya tarakimu ikigonga dari inapasuka na haiponi tena. Na hakuna njia ya mkato: dakika 90 za kaseti ni dakika 90 za kukaa. Tieni kahawa.

Nalo suala la mwendo. Bibi alirikodi kwa betri. Betri zikichoka mashine inakwenda pole wakati wa kurikodi, basi ukicheza kwa mwendo sahihi sauti inapanda na mtu anaharakisha, mpaka mwisho wa upande bibi anasema kama mtoto wa skuli. Kama alirikodi kwa umeme wa nyumba mara nyingi kuna mvumo mdogo chini ya sauti, na umeme wa kwetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, basi programu inakuonesha mvumo uko wapi nawe unarekibisha kwa hesabu. Kwa betri hakuna mvumo. Mimi niliokolewa na redio ya jirani: nyuma ya mazungumzo inasikika milio sita ya saa ya BBC. Milio hiyo ni ya mizunguko 1,000 kwa sekunde na inaachana sekunde moja moja. Nilipima, nikakuta imezidi, nikashusha mwendo hapo, na bibi akarudi umri wake. Lakini fanyeni hayo kwenye nakala. Faili la asili liacheni lilivyotoka kwenye kaseti pamoja na mikwaruzo yake.

Ndivyo hivyo kwa programu za siku hizi zinazosafisha sauti kwa akili mnemba. Zinapendeza kusikiliza, lakini pale ambapo neno halisikiki programu inaweza kulitunga. Kwa wimbo labda si kitu. Kwa nasaba, au kwa neno la Kipemba ambalo kamusi haina, huo ni uzushi katika sauti ya marehemu.

Video nitaipitia kwa haraka kidogo, ingawa ndiyo inayowatia watu hasara. VHS ilitoka kwa JVC mwaka 1976, na ya kwetu na ya Ghuba na Uingereza ni ya mfumo wa PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Ya Marekani ni NTSC, mistari 525 na picha karibu 30. Harusi iliyorikodiwa New York ukaitia kwenye deki ya Unguja utaona zebra tu, mkanda ni mzima kabisa. Tafuteni zile deki za mifumo mingi zilizokuwa zikiuzwa sana Dubai. Baadhi ya wazee wa Maskati bado wanazo sebuleni zimefunikwa kitambaa. Tumieni waya wa S-Video kama tundu lipo, na kama mwaweza kupata kile kifaa kinachosawazisha mapigo ya picha, TBC, au deki yenye nacho ndani, picha haitopinda juu wala kuruka.

Picha ya VHS inakuja kwa zamu: mistari ya witiri kwanza au ya shufwa kwanza, kisha ile mengine, mara 50 kwa sekunde. Wengi wakiona vijimeno pembezoni mwa vitu vinavyotembea hudhani ni kasoro, wanaviondoa wakati wa kuingiza, na nusu ya mwendo wa picha inapotea milele. Faili la asili liingizwe na zamu zake kama zilivyo. Mkandamizo uwe ule usiopoteza kitu, kama FFV1, au angalau wa DV, ambao saa moja inachukua kama GB 13. Mimi mikanda miwili ya mwanzo nilimpa mwenye duka mmoja mjini kwetu, jina nalihifadhi, akanirudishia DVD mbili za picha iliyosagwa saa nne kwenye sahani moja, na mkanda mmoja umekatika bila ya kuniambia. Anayewapa watu kazi aulize kwanza atapewa faili la namna gani.

Wenye vikanda vidogo vya kamera, Video8 na Hi8: baadhi ya kamera za Sony za Digital8 zinavisoma na kuvitoa kwa tarakimu. MiniDV tayari ni tarakimu, hiyo unainakili tu kwa waya wa FireWire, tabu ni kupata kompyuta yenye tundu hilo. Na filamu za Super 8 zikinuka siki, ziwekeni pahala pa baridi na mumtafute mtaalamu mwezi huu huu.

Kwa hilo la duka nina neno jengine. Mikanda ya harusi zetu mingi ni ya upande wa wanawake. Mama zetu, khalati zetu, wamekaa ndani kwa ndani, vichwa wazi, wanacheza, mpiga picha mwenyewe alikuwa mwanamke aliyeajiriwa kwa sababu hiyo. Walikubali kurikodiwa kwa sharti ambalo kila mtu alilijua bila ya kuandikwa. Huna haki ya kuwakabidhi kwa fundi wa kiume usiyemjua, wala kuwaweka YouTube kwa kuwa "ni utamaduni wetu". Sisi mikanda hiyo sita aliishughulikia dada yangu peke yake. Mimi nilimfungia waya nikatoka. Barua za kaseti pia ni amana. Mna madeni, talaka, siri za nyumba za watu, na maneno ya siasa yaliyosemwa kwa kunong'ona miaka ambayo kusema kwa sauti kulikuwa na bei. Sikilizeni nyinyi kwanza, hadi mwisho, ndio mjue nini kinaweza kwenda kwa jamaa, nini kwa watafiti, na nini kikae.

Kuhifadhi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe mji mwengine. Sisi tuliotawanyika hilo ni jepesi, ya kwangu iko Uingereza, ya pili Maskati, ya tatu kwa mpwa wangu Toronto. Zile CD tulizochoma miaka ya 2000 tukaona tumemaliza, zitazameni leo. Rangi yake inaoza na nyingi hazisomeki. Diski za kompyuta nazo hufa, basi kila miaka mitano hivi hamisheni. Kila faili litolewe ile namba ndefu ya uhakiki, SHA-256, iandikwe pembeni: ukiipiga tena baada ya miaka na ikitoka ile ile, jua hakuna hata biti moja iliyobadilika. Majina ya mafaili yawe ya kueleweka, mwaka, pahala, msemaji, upande A au B. Pigeni picha gamba na karatasi yake, maana mwandiko wa marehemu nao ni habari. Na kaseti yenyewe msiitupe.

Halafu kaeni na mzee mmoja mkisikilize pamoja, na simu irikodi mazungumzo yenu pembeni. Ami yangu alisikiliza dakika tano za bibi akazungumza saa mbili. Yeye ndiye aliyenijuulisha kuwa "nyumba ya chini" anayoitaja bibi si nyumba ya ghorofa ya chini bali ni ya ukoo fulani Tumbe, na kwamba anapokohoa mara mbili ni kwa sababu kuna mtu kaingia chumbani.

Lile jina hata yeye halijui. Lakini kaniambia jambo ambalo sikuwa nalo habari: mama alikuwa na redio ya kaseti mbili kule Maskati, na kila barua ya bibi akiinakili kabla ya kufuta, nakala anampelekea mdogo wake Dubai. Nimempigia mama mdogo. Anasema zipo, kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, na mjukuu wake ameahidi kumchezea moja kwenye redio ya dereva. Nimemuomba kwa lillahi asiziguse. Nakwenda Disemba, na deki naibeba mwenyewe kwenye mzigo wa mkononi.